Kitufe cha Katikati

Kwa miaka ishirini na miwili Ayot alipiga taipureta katika ofisi za polisi, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akitazama vidole vyake. Macho yalikaa kwenye karatasi anayonakili, vidole vikafanya kazi yao kule chini kama watu wazima wasiohitaji kusimamiwa. Mpiga chapa anayetazama anachokipiga hajiamini: ndivyo alivyofundishwa na bibi mmoja mkali aliyekuwa na rula mkononi, na rula ile haikuwa ya kupigia mistari tu. Kwa hiyo siku Rosalba alipoingia katika duka la uchapaji alikofanya kazi sasa, na kadi za harusi ya binti yake, akaziweka mezani moja moja kama mtu anayegawa karata, Ayot hakujua anaonyeshwa nini.

"Soma wewe, Mama Abwola," Rosalba alimwambia Ayot. "Mimi nimesoma mpaka nimechoka."

Ayot akavaa miwani. Kadi ilikuwa safi, maua pembeni, majina ya wazazi wa pande zote mbili yameandikwa bila kosa. Misa saa nne. Chakula saa nane, nyumbani kwa Hajji, baba wa bwana harusi. Na chini kabisa, baada ya kuwakaribisha nyote kwa furaha, kulikuwa na mstari mmoja zaidi: Aondoe nguruwe wake wote ndani ya siku saba.

Rosalba akaeleza, kwa sauti ya chini inayotisha kuliko ya juu, kwamba Hajji alikuwa polisi mwenzake wa marehemu mumewe, kwamba ilichukua miezi mitano kumfanya akubali binti aolewe kanisani, na kwamba kadi ishirini na tano zilikuwa zimeshagawiwa kabla ya mtu yeyote kuzisoma hadi mwisho, maana kadi ya harusi watu hutazama tarehe na mahali pa chakula. Aliyesoma hadi mwisho alikuwa Hajji mwenyewe. Tangu kustaafu hana kazi nyingine.

Maneno yale Ayot aliyajua. Asubuhi ya siku aliyochapa kadi hizo alikuwa amechapa barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa mtu anayefuga nguruwe nyuma ya soko la Kalerwe. Lakini yalifikaje harusini, hilo hakulijua.

"Sijaandika mimi," alisema.

"Nani basi ameandika?" akauliza Dolphine, mwenye duka, akiwa amesimama nyuma yake. "Wewe ndiwe uliyeketi hapo."

Dolphine hakungojea kujibiwa. Akamwahidi Rosalba kadi mpya kabla ya jua kuzama.

Dolphine Aluoch alikuwa mtu wa upande wa Kisumu, mwaka wa kumi na moja Kampala, na duka lake lilibanana kati ya muuza matoke na fundi viatu. Ilikuwa ni ile miaka ya umeme wa zamu: leo upo, kesho haupo. Siku za giza alikodi nguvu ya jenereta ya jirani, nayo ilizimika kila jirani alipoona imetosha. Kompyuta ilikuwa moja. Ilitoka katika ofisi fulani ya misaada iliyofunga shughuli zake, nayo ilikuja na mausi ya zamani yenye vitufe vitatu vilivyopangana kama meno. Fundi wake, Ondiek, Mkenya mwenzake aliyekaa mtaa wa Kansanga, aliitia mfumo wa Linuksi badala ya ule wa watu wote, kwa sababu Linuksi haidai leseni na haishikwi na virusi. Dolphine alilitaja hilo kwa wateja wote, hata wa kurudufu kitambulisho.

Dolphine alimwajiri Ayot kwa sababu kambi ya polisi ilikuwa jirani, na watu wa kambini wanamjua. Wao huandikisha barua zao kwa Kiswahili, na wanapenda kuandikiwa na mtu anayejua kwamba sajini haandikwi baada ya koplo. Kompyuta alijifunza kwa wiki tatu, akiwa na miaka hamsini na tisa. Hakuna aliyemfundisha sana. Alijitengenezea njia zake kama mtu anayehamia nyumba ya wengine na kupanga vyombo upya. Barua ya zamani aliiacha wazi kando ya mpya, iwe kielelezo. Zamani aliweka rula ya mbao chini ya mstari anaousoma ili macho yasipotee. Kwenye kioo rula haikai, lakini aligundua kwamba ukiiburuta mausi juu ya mstari, mstari unakuwa wa buluu, nayo macho hayapotei tena. Ugunduzi huo ulimfurahisha sana. Mausi yenyewe aliibonyeza kwa vidole viwili pamoja, kwa nguvu, kwa mkono uliozoea kupenya karatasi nne na kaboni tatu. Kisha macho yakarudi kwenye karatasi, panapostahili.

Baada ya nguruwe akaja Oyet.

Oyet alikuwa askari mstaafu aliyeandikishwa barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Alirudi baada ya siku tatu akicheka tangu mlangoni. Barua yake ilisema ametumikia jeshi miaka kumi na minane, kwamba anajua bunduki za aina nne, na kwamba marehemu hakuwahi kumlalamikia mtu. Mstari huo wa mwisho ulitoka katika barua ya kamati ya mazishi iliyochapwa kabla yake. Mkubwa wa kampuni ya ulinzi, kapteni wa zamani, aliisoma mbele ya ofisi nzima. Akasema kwamba katika miaka tisa hajapata kuona mlinzi asiyelalamika, awe hai au marehemu, na kama huyu ni marehemu basi aanze Jumatatu.

Fundi viatu alicheka hadi akaangusha msumari. Dolphine hakucheka. Alisema kosa lililomletea mtu bahati ni kosa bado, na mteja wa pili hatakutana na kapteni. Hapo akamwita Ayot kando, kwa heshima, maana alikuwa mtu mwenye heshima, akamwambia kwamba mpwa wake, Ajwang, amemaliza masomo ya kompyuta Kisumu na ana cheti. Atafika Jumamosi ya wiki ijayo.

"Umefanya kazi sana, mama," alisema. "Kichwa nacho kinachoka kama mguu. Ajwang akishika mashine, wewe utapumzika."

Ayot akaitika. Hakulala vizuri usiku huo, wala ule wa pili.

Kazi ilimuuma, lakini kazi ni kazi. Alishaona wenye vyeo wakiamka na vyeo na kulala bila. Kilichomuuma zaidi ni neno kichwa. Mama yake mzazi alikufa akiwa hajui siku, na kabla ya kufika huko alianza hivihivi. Alikuwa akisimulia habari za mihogo, na katikati ya mihogo akaingiza maneno ya ugomvi wa jana, kisha akaendelea na mihogo bila kuona kitu. Mkimwambia umesema hivi, anasema, sijasema mimi. Watoto wakacheka mwanzoni. Ayot alikuwa mmoja wa waliocheka.

Kwa hiyo alianza kujipima. Jioni, akitembea kutoka Kalerwe kwenda nyumbani Kawempe, alihesabu wakuu wa vituo aliowahi kufanya kazi chini yao, saba, na majina yao, na cheo cha kila mmoja alipofika na alipoondoka. Wote walikuwapo. Akahesabu wajukuu kwa siku za kuzaliwa. Wote walikuwapo. Alipofika mlangoni alitafuta ufunguo kwenye mkoba, kwenye khanga, kwenye mfuko wa mboga, akakaa kwenye ngazi karibu alie, na ufunguo ulikuwa mkononi.

Asubuhi alinunua daftari.

Polisi wana kitabu cha matukio, na aliyefanya kazi polisi hawezi kukabiliana na jambo lolote bila kukifungua. Ayot alipiga mistari kwa rula, akaandika juu: saa, mahali, maneno yaliyoingia, yalikotoka, mshukiwa. Katika safu ya mshukiwa aliandika jina lake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwapo, na kwa sababu sheria ni kuandika unachokijua. Sasa kila barua aliisoma tena baada ya kuichapa, jambo ambalo lilimtia haya kama mtu anayejipekua mifuko mwenyewe. Kila alipokuta mgeni aliyeingia bila kualikwa, alimwandika kisha akamfuta. Saa tatu na nusu, barua ya mkopo, maneno "msiba ulitokea ghafla", yametoka tangazo la mazishi. Saa sita, orodha ya wanakwaya, maneno "bila dhamana", yametoka barua ya mkopo.

Kwa siku nne aliandika tu. Siku ya tano akaongeza safu moja: kabla ya hapo nilikuwa nafanya nini na maneno hayo. Na jibu, kila mara, lilikuwa moja. Alikuwa ameyapaka buluu.

Alipofika tukio la kumi na moja aliweka kalamu chini akatazama daftari kwa muda mrefu. Yote kumi na moja yalitoka kwenye mstari wa buluu. Na si mstari wowote wa buluu, bali ule wa mwisho. Haukuingia wa juzi hata siku moja, wala wa jana. Mama yake alikuwa akichota popote, harusi ya zamani, bei ya chumvi, jina la mbuzi aliyekufa. Kichwa kinachoharibika hakina utaratibu. Huyu mwizi alikuwa na utaratibu kuliko polisi.

Alimwonyesha Dolphine. Dolphine alifungua kurasa mbili tatu, akaona neno mshukiwa na jina la Ayot mara kumi na moja, akalirudisha daftari taratibu.

"Kumbe wewe mwenyewe unakubali," alisema.

Ondiek alikuja Ijumaa, siku moja kabla ya Ajwang, kwa ajili ya printa iliyokuwa inatafuna karatasi. Alikuwa kijana mpana mwenye simu mbili, zote zikiita. Alipomaliza printa, Ayot akamwomba atazame jambo moja dogo. Ondiek akatabasamu tabasamu ambalo mafundi huwawekea akina mama wa umri ule, akamwuliza kama amejaribu kuizima na kuiwasha. Ayot akamwambia kwamba umeme umekuwa ukimfanyia hivyo kila siku bila kuombwa. Akamwekea daftari mbele.

Ondiek alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Wa pili akavuta kiti. Simu moja iliita, hakuipokea.

"Mama, hebu fanya kazi kama kawaida. Mimi sipo."

Ayot akafungua barua ya jana, akafungua mpya kando yake. Akaburuta mstari ukawa wa buluu, akausoma, akahamia barua mpya, akabonyeza, macho yakarudi kwenye karatasi. Ondiek akamshika kiwiko polepole.

"Usitazame karatasi. Tazama kioo."

Akatazama. Mstari ulikuwa umeingia, wote, umetulia katikati ya barua ya mtu mwingine kana kwamba ulizaliwa pale.

"Unaona hivyo vidole viwili?" Ondiek alisema. "Kimoja kinabonyeza kitufe cha kushoto. Cha pili kinalala juu ya cha katikati, na hakilali, kinapiga ngumi. Kwenye mashine hizi za Linuksi ukipaka maneno rangi, tayari umeyachukua. Huhitaji kuiambia nakili. Ukibonyeza kitufe cha katikati, inayaweka chini pale pale. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Ni raha sana, mama. Mimi siwezi kuishi bila hiyo."

Ayot akaondoa vidole kwenye mausi. Alikuwa amebeba hofu hiyo karibu wiki mbili, amelala nayo na kuamka nayo, kumbe kuna mtu Kansanga anaiita raha. Alimwuliza kwa nini hakumwambia siku alipoileta mashine. Ondiek akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema kwamba hakuna aliyeuliza.

Dolphine, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya kupanga karatasi, alisema kwamba kwa vyovyote mtu mwenye akili timamu hutazama anachoandika. Ondiek akasema hilo ni kweli pia. Alikuwa kijana asiyependa kugombana na mwenye kulipa.

Ayot akauliza kama kitufe hicho kinaweza kung'olewa. Ondiek akasema hakuna haja. Vitufe vina namba, moja, mbili na tatu, na mashine inavihesabu kwa mpangilio huo. Unaweza kuiambia ihesabu vinginevyo. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika mstari mmoja mfupi, herufi ndogo, alama za kufungua na kufunga nukuu, na mwisho namba: moja, tatu, mbili. Sasa cha katikati kitafanya kazi ya cha kulia, yaani kuleta kile kijidirisha chenye orodha. Na cha kulia kitafanya kazi ya cha katikati, ya kumwaga maneno. Ayot akauliza kwa nini hiyo ya kumwaga isilazwe kabisa. Ondiek akasema yeye akija hapa ataihitaji.

Wakajaribu. Ayot akapiga ngumi yake ya kawaida, na badala ya mstari wa mtu mwingine kikajitokeza kijidirisha, kikasimama kinangoja kufungwa. Alikipenda mara moja. Kosa lilikuwa bado kosa, lakini sasa lilibisha hodi.

"Inakaa hivyo?" aliuliza.

"Inakaa mpaka mashine izimike. Ikizimika inasahau. Nitakuja wiki ijayo niifanye ya kudumu," alisema Ondiek, na simu zote mbili zikaita kwa pamoja, akaondoka.

Jumamosi umeme ulikuwapo. Ayot alifika mapema kuliko kawaida, akawasha, akafungua barua mbili, akapaka mstari, akabonyeza huku macho yakiwa kwenye kioo kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mstari ukaingia.

Akaufuta. Kisha akakumbuka: ikizimika inasahau. Usiku kucha mashine ilikuwa imezimwa, na Ondiek yuko Kansanga, na wiki ijayo ya fundi hakuna kalenda inayoijua. Na Ajwang alikuwa kwenye basi, karibu kufika.

Ayot akafungua dirisha jeusi. Maneno ya mstari ule hakuambiwa, wala hakuyaandika kwenye daftari. Lakini alikuwa amekaa kando ya Ondiek wakati anapiga, na mpiga chapa wa miaka ishirini na miwili hawezi kukaa kando ya mtu anayepiga bila kumsoma vidole, kama vile fundi viatu hawezi kutokutazama miguu yako. Akafumba macho. Kidole cha pete cha kushoto chini, kile cha herufi ambayo Kiswahili hakiitumii. Cha shahada cha kulia, chini. Cha pete cha kulia, juu. Akaviacha vidole viende, polepole, kimoja baada ya kingine, hadi namba. Moja. Tatu. Mbili. Akafumbua macho, akabonyeza kwa nguvu zote.

Kijidirisha kikasimama mbele yake kikingoja.

Hakumwambia mtu. Alifunga dirisha jeusi, akapangusa miwani, akawaza habari za mama yake kidogo, kisha akamchapia fundi viatu tangazo lake jipya bila kosa hata moja.

Ajwang alifika saa tano akiwa na begi na cheti ndani ya fremu ya kioo. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, aliyemwamkia Ayot kwa kupiga goti kidogo na kumwita dani, kama ambavyo angemwita bibi yake kwao. Dolphine alitundika cheti ukutani kabla msichana hajanywa maji, akamkalisha kwenye mashine. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa tayari ameketi kwenye benchi, anangoja barua ya kijana anayetafuta kazi, maana bila barua ya mwenyekiti hupati kazi, hupati mkopo, wala hupati hata chumba cha kupanga. Ayot akapewa kiti karibu na mlango na kazi ya kunyoosha karatasi zilizojikunja.

Ajwang alifungua barua ya kielelezo. Alipaka mstari mmoja, akabonyeza kitufe cha kulia ili apate ile orodha ya nakili na bandika, kama alivyofundishwa kwenye mashine za watu wote. Orodha haikuja. Akabonyeza tena. Akakunja uso, macho kwenye mausi, akabonyeza mara ya tatu, taratibu, kwa adabu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi na safi, na kila vilipobonyeza vilimwaga maneno pale pale.

Akaikatia orodha tamaa, akabadilisha jina kwa kuliandika, na bila kusoma upya akaiamuru printa itoe karatasi. Mwenyekiti akaisoma, akaisoma tena, akaishika mbali na macho.

"Ninathibitisha kwamba kijana huyu si mwizi," alisoma kwa sauti. "Ninathibitisha kwamba kijana huyu si mwizi. Ninathibitisha kwamba kijana huyu si mwizi. Ninathibitisha kwamba kijana huyu si mwizi." Akaishusha. "Nyabo, dada yangu, ukisema mara moja ninaamini. Mara nne, hata mimi naanza kufunga mlango."

Dolphine aliinyakua karatasi. Akatazama cheti ukutani, akamtazama mwenye cheti.

"Sijaandika mimi," alisema Ajwang, kwa sauti ndogo.

"Nani basi ameandika? Wewe ndiwe uliyeketi hapo."

Ayot, kule mlangoni, alikuwa na karatasi iliyokunjwa mkononi na hakuinyoosha. Angeweza kuendelea kunyoosha. Jumatatu haikuwa mbali, na barua nne tano za namna ile zingemrudisha msichana Kisumu na fremu yake kabla ya wiki kwisha, bila mtu yeyote kumsukuma. Aliliwaza hilo, si kwa muda mfupi sana. Lakini aliuona uso wa Ajwang. Msichana alikuwa akitazama vidole vyake mwenyewe kama watu asiowajua, na Ayot alimjua mtu anayetazama hivyo.

Akasimama, akaenda hadi mezani, akamwinamia.

"Si kichwa chako, mwanangu," alisema. "Ni kitufe. Sogea kidogo."

Akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari ule, na mwisho safari hii akaweka moja, mbili, tatu. Akamwambia Ajwang abonyeze kulia. Orodha ikaja, nzima kabisa, kama vile ilikuwa imetoka kunywa chai.

Dolphine alikuwa bado ameshika barua ya mwenyekiti. Aliuliza mstari ule umetoka wapi, kwa kuwa Ondiek hakumwachia mtu karatasi. Ayot akasema umetoka kwa Ondiek.

"Alikuandikia?"

"Hapana."

"Umeukumbuka tu? Hizo takataka zote, na alama zake?"

"Nimeukumbuka," alisema Ayot.

Mwenyekiti alicheka hadi benchi likalia. Dolphine hakusema samahani. Hakuwa na desturi hiyo, na kusema kweli Ayot hakuingojea. Alichofanya ni kutoa uamuzi mwingine, kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameupanga siku nyingi. Ajwang atafanya kadi na picha, asubuhi. Mama Abwola atafanya barua, mchana. Wakipokezana kiti, Mama Abwola ataigeuza mashine. Kisha akamwagiza Ayot auandike mstari ule kwenye karatasi na kuubandika ukutani, asije akausahau. Ayot akauandika kwa mwandiko mzuri. Dolphine akaiweka karatasi mahali salama, na haijaonekana tangu siku hiyo.

Ondiek anakuja wiki ijayo. Ndivyo anavyosema kila wiki. Wakati huohuo umeme unakwenda na kurudi, na kila ukirudi mashine inaamka haijui lolote, na Dolphine anauliza kutoka nyuma ya duka, "Mama Abwola, umekumbuka?"

"Mimi nimekumbuka," Ayot hujibu. "Ni yeye aliyesahau."

Mwezi ule ulipokuwa unaisha Oyet alirudi. Alikuwa na sare mpya, kofia yenye beji, na alikuwa amemshika mkono ndugu yake Olanya, askari mstaafu vilevile, mrefu, mwenye aibu.

"Mama, huyu nataka barua kama ile yangu," alisema Oyet kwa Kiswahili chake cha kambini. "Kwa kapteni uleule. Lakini uweke na ile maneno ya marehemu. Ile ndiyo ilifanya kazi."

Ayot alimwuliza kama ana hakika. Oyet akasema ana hakika kabisa. Kapteni mpaka leo anaisoma kwa wageni. Olanya akasema yeye, kwa kweli, hupenda kulalamika kidogo. Oyet akamwambia anyamaze, maana ameshaanza.

Kwa hiyo Ayot akaweka karatasi kushoto, akanyoosha mgongo, na bila kuigusa mausi akaanza kupiga kwa vidole kumi. Miaka kumi na sita jeshini. Bunduki za aina tatu. Marehemu hakuwahi kumlalamikia mtu.

Printa ilipoitoa, Dolphine ndiye aliyeiwahi. Siku hizi anasoma kila kitu kinachotoka. Akafika mstari wa mwisho, akashika shavu.

"Mama Abwola," alisema, "imerudi tena."

"Haijarudi," alisema Ayot, na akanyoosha mkono aipate karatasi yake. "Hiyo nimeandika mimi."